Mwanamke wa Kwanza Bungeni Alikuwa Nani? Kwanza Niambie Bunge Gani

Ukitaka kuvuruga kijiwe cha kahawa Dodoma wakati Bunge linaendelea, wala huhitaji habari za Simba na Yanga. Uliza tu: mwanamke wa kwanza bungeni alikuwa nani? Mzee mmoja atasema Bibi Titi, bila hata kuinua macho kwenye bao. Mwingine atamkatiza: "Lucy Lameck, mzee wangu, usitupotoshe." Dereva wa bajaji aliyekuja kununua kashata atasema ni Mama Makinda, maana yeye ndiye aliyemwona kwenye televisheni amekalia kiti cha Spika. Atatokea mmoja na Mama Mongella, "aliyekuwa spika wa Afrika nzima." Na wa mwisho, ambaye huwa na sauti kubwa kuliko wote, atafunga mjadala kwa Dk. Tulia, "spika wa dunia."

Wote wana kitu cha kweli mkononi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia bunge lake.

Kwa watu wa Dodoma kuchanganyikiwa si ajabu, maana mji huu umeona mabunge zaidi ya moja. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilikaa hapa, Samuel Sitta akiwa mwenyekiti na Samia Suluhu Hassan makamu wake, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba Rais Samia aliwahi kuwa naibu spika. Aprili 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilifanya vikao vyake Dodoma badala ya Arusha, ukawaona wabunge kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini wakiingia kwenye geti lilelile tunalolijua. Kisha Oktoba 2023, Dk. Tulia Ackson, wakati huo akiwa Spika wetu, akachaguliwa jijini Luanda kuongoza Umoja wa Mabunge Duniani. Mtu aliyekuwa akifuatilia haya kwa redio ya simu akiwa njiani kwenda Sabasaba ana haki ya kuchanganya mambo.

Basi tuanze kwa kutaja majina sawasawa.

Bunge la Jamhuri ya Muungano ni hili lenye jengo kando ya barabara ya Dar es Salaam. Linatunga sheria za nchi yetu, linapitisha bajeti, linaihoji serikali. Bunge la Afrika Mashariki ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake Arusha; lilizinduliwa Novemba 2001 kutokana na Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini 1999, na kila nchi mwanachama hupeleka wabunge tisa wa kuchaguliwa. Linatunga sheria zinazobana nchi zote za Jumuiya. Bunge la Afrika ni la Umoja wa Afrika, makao yake Midrand, Afrika Kusini. Kila nchi hupeleka watu watano, nalo hujadili na kushauri tu, halitungi sheria za kumfunga mtu. Huo Umoja wa Mabunge Duniani si bunge kabisa. Ni umoja ambao wanachama wake ni mabunge ya nchi, makao yake Geneva, na ulianza tangu 1889. Rais wake anaongoza mikutano na kusemea mabunge duniani, lakini hatungi sheria yoyote. Kwa hiyo "spika wa dunia" hayupo. Ila kwamba Dk. Tulia alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kukalia nafasi hiyo, hilo ni kweli, na mwenye sauti kubwa kijiweni apewe haki yake hapo.

Ukishajua bunge gani, bado kuna swali la pili ambalo kijiweni huwa halisikiki: aliingiaje? Alipigiwa kura na wananchi, aliteuliwa, alipitia chama, au alichaguliwa na wabunge wenzake? "Wa kwanza" bila jibu la swali hilo ni nusu ya habari.

Chukua bunge la nyumbani. Mtangulizi wake ni Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa na Waingereza 1926, na Waafrika wa kwanza kuingia humo, 1945, walikuwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Wanawake walianza kuonekana katikati ya miaka ya 1950, kwa uteuzi wa gavana. Kuchaguliwa kwa kura kulikuja na uchaguzi wa 1958 na 1959, na hapa ndipo penye kioja ambacho watu wengi hawakijui.

Serikali ya kikoloni iliweka utaratibu wa kura tatu. Mpiga kura hakuruhusiwa kuchagua mtu mmoja. Alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake haihesabiwi. Na mpiga kura mwenyewe alipaswa awe na kipato au elimu au cheo cha kiwango fulani. TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, iliukataa utaratibu huo kwa maneno, lakini katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, ikaamua kushiriki badala ya kususia. Kwa kuwa ilibidi kila jimbo liwe na mgombea wa kila rangi, TANU ikatafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono, watu walioamini katika uhuru wa Tanganyika.

Katika hao wakapatikana wanawake watatu. Sophia Mustafa, mwenye asili ya Bara Hindi, aligombea Jimbo la Kaskazini kutoka Arusha. Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa akiishi Nyanda za Juu Kusini, aligombea huko. Barbro Johansson, mwalimu Msweden aliyekuwa amefundisha wasichana Kashasha, Bukoba, aligombea upande wa Ziwa. Wote walishinda. Kwa hiyo wanawake wa kwanza kuingia katika chombo kile kwa kura za watu hawakuwa Waafrika kwa asili, ilhali waliowapigia kura, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waafrika wa TANU.

Habari hii huwakera baadhi ya watu. Nimewahi kusikia ikiitwa njama ya kuwafuta kina Bibi Titi. Si njama. Bibi Titi Mohamed wakati huo alikuwa akizunguka nchi nzima kuingiza wanawake TANU, na bila kazi hiyo sidhani kama hao watatu wangeshinda. Lakini nafasi ya Mwafrika katika kila jimbo ilikuwa moja tu, na vyama vyote hupenda kuwapa wanaume nafasi iliyo moja. Utaratibu wa kikoloni uliotengenezwa kulinda wachache ndio uliofungua upenyo kwa wanawake wa hao wachache. Historia ina vituko vyake.

Lucy Lameck, mwanamke wa Moshi aliyesomea uuguzi kisha akapita Chuo cha Ruskin, Oxford, aliingia barazani 1960. Bibi Titi alikuja kuwa mbunge wa Rufiji, hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1965. Na tuweke sawa jambo jingine: hakuna hata mmoja wa wanawake hao wa mwanzo aliyehutubia katika ukumbi huu wa Dodoma. Bunge la enzi zile lilikutana Karimjee, Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuja 1973, na ukumbi tunaouona kwenye matangazo ya moja kwa moja ulianza kutumika 2006.

Mkanganyiko kama huo upo kwenye uwaziri. Utasikia Lucy Lameck ndiye waziri wa kwanza mwanamke, halafu utasikia Tabitha Siwale na Julie Manning ndio wa kwanza. Lameck aliteuliwa 1962 kuwa waziri mdogo, tungesema leo naibu waziri, katika wizara ya ushirika na maendeleo. Siwale na Manning waliapishwa 1975 kuwa mawaziri kamili, Siwale ardhi na makazi, Manning sheria. Wote ni wa kwanza, kila mmoja kwenye ngazi yake.

Na Mama Anne Makinda? Huyo si mwanamke wa kwanza bungeni hata kidogo. Alipoingia 1975 akiwa na miaka 26 alikuta njia imeshapitwa. Yeye ni mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Muungano, Novemba 2010. Uchaguzi ule wa Spika una kipande ambacho kitatupeleka Arusha. CCM ilisema safari hii ni zamu ya mwanamke, ikamweka kando Samuel Sitta aliyekuwa akimaliza muda, na kupeleka kwa wabunge wake majina matatu, yote ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Makinda akapita, akaenda kushindana na mgombea wa CHADEMA, Mabere Marando, akamshinda.

Sasa, Kate Kamba na Mabere Marando walikuwa wanafahamiana vizuri. Wote wawili walikuwa katika wabunge tisa wa kwanza ambao Tanzania iliwapeleka kwenye Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2001.

Tunafika hapo basi, kwenye bunge ambalo watu wengi wa kawaida hawalijui lakini linawagusa.

Mbunge wa Afrika Mashariki hana jimbo. Hakuna kata wala kijiji cha Chamwino au Kondoa kinachompigia kura. Anachaguliwa na wabunge wa nchi yake, na Mkataba unasema wazi kwamba asiwe mmoja wao. Ukielewa mshenga umeelewa kila kitu. Mshenga hatumwi na mtaa mzima, anatumwa na wazee wa familia. Anakwenda kuzungumza na ukoo mwingine kwa niaba yao, na yeye mwenyewe si bwana harusi. Akikosea huko, familia ndiyo inayoaibika, lakini familia hiyo haikai naye chumba kimoja wakati anazungumza. Ndivyo walivyo wale tisa. Waliowatuma wako Dodoma, kazi yao iko Arusha.

Mkataba pia unataka, kadiri inavyowezekana, hao tisa wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. "Kadiri inavyowezekana" ni maneno laini, na kila nchi huyatafsiri kivyake. Sisi tuliyageuza kuwa makundi. Katika uchaguzi wa 2012, kwa mfano, wagombea waligawanywa katika manne: wanawake, Zanzibar, vyama vya upinzani na Tanzania Bara.

Hapa ndipo ilipozaliwa imani kwamba wanawake wa Bunge la Afrika Mashariki ni viti maalumu. Si kweli, na matokeo ya 2012 yanaonyesha vizuri. Wanawake walioshinda walikuwa wanne kati ya tisa. Angela Kizigha na Shy-Rose Bhanji walipitia kundi la wanawake. Maryam Ussi Yahya alipitia Zanzibar, na Nderakindo Kessy wa NCCR-Mageuzi alipitia kundi la upinzani, akishindana na wanaume. Nusu yao, kwa maneno mengine, hawakupita kwenye mlango uliowekwa kwa ajili yao.

Viti maalumu ni kitu kingine na kipo kwenye bunge la nyumbani tu. Vilianza na viti 15 mwaka 1985, vikapanda kwa marekebisho ya Katiba hadi kiwango cha sasa cha asilimia 30, kilichoanza kutumika katika uchaguzi wa 2005. Wenye viti hivyo hutokana na orodha za vyama, kwa kadiri ya kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, mradi chama kiwe kimefikisha asilimia 5. Hapo hakuna anayesimama mbele ya wabunge kuomba kura.

Kwa wanaotaka kwenda Arusha, kusimama ni lazima, na siku hiyo Dodoma ina vituko vyake. Wiki ya uchaguzi, nyumba za wageni hujaa watu waliovaa suti wakati wa jua la saa saba. Wagombea huwavizia wabunge wanapotoka na kuingia, mkono mmoja na kipeperushi chenye picha, mwingine ukisalimia: "Shikamoo mheshimiwa, usinisahau kesho." Kesho yake, mmoja mmoja huitwa ukumbini, hujieleza kwa dakika chache, mara nyingi kwa Kiingereza, kisha huulizwa maswali. Akiongea vizuri meza zinagongwa. Akiteleza kwenye kitenzi, ukumbi mzima unacheka, na yule aliyecheka zaidi si lazima awe na Kiingereza bora kuliko mgombea.

Chanzo cha Kiingereza hicho ni Mkataba wenyewe, ulioandika 1999 kwamba hiyo ndiyo lugha rasmi ya Jumuiya, huku Kiswahili kikitajwa kama lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Mimi naona mtihani ule unapima kitu kidogo sana. Nimewaona wagombea waliojua taratibu za forodha kuliko mbunge yeyote aliyekuwa akiwauliza, wakashindwa kwa sababu ya kigugumizi cha dakika mbili. Na lugha ya kuonyeshea usomi, katika nchi ambayo wasichana walichelewa kupelekwa shule, haijawahi kuwa mizani iliyo sawa kwa mwanamke.

Turudi kwa waanzilishi. Bunge la kwanza la Afrika Mashariki, la 2001 hadi 2006, lilikuwa na wabunge wa kuchaguliwa 27 tu, tisa kwa kila nchi, maana Jumuiya ilikuwa ya nchi tatu. Tanzania ilipeleka wanawake akiwamo Kate Kamba na Beatrice Shellukindo. Kenya ilikuwa na Rose Waruhiu na Margaret Kamar. Uganda ilikuwa na Lydia Wanyoto na Sarah Bagalaaliwo. Spika alikuwa Mtanzania, Abdulrahman Kinana.

Walikuta meza tupu. Jumuiya ya zamani ilikuwa imevunjika 1977, na kwa miaka zaidi ya 20 hapakuwa na bunge la kikanda. Kanuni za vikao, kamati, namna ya kumhoji waziri ambaye si waziri wa nchi yako, vyote vilibidi viundwe. Sheria kubwa kuliko zote iliyopita mikononi mwao ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, iliyoanza kazi pamoja na Umoja wa Forodha Januari 2005. Mfanyabiashara wa soko la Majengo hapa Dodoma anayeleta bidhaa kupitia Namanga au kutoa mzigo bandarini anashughulikiwa kwa sheria hiyo hadi leo. Akilalamika juu ya ushuru huwa anaitaja TRA. TRA anaikuta kaunta tu. Sheria yenyewe ilitungwa kwenye bunge ambalo hajawahi kuwaza kwamba lina uhusiano naye, na kati ya walioijadili kifungu kwa kifungu walikuwamo hao akina mama.

Watu husema bunge lile ni la posho na safari. Posho zipo, safari zipo. Bunge linalohamahama haliwezi kukosa safari. Lakini udhaifu wake halisi uko kwingine. Muswada ukishapitishwa na wabunge lazima wakuu wa nchi zote wauridhie. Mmoja akikataa, akarudishiwa, akakataa tena, muswada umekufa. Mbunge anaweza kufanya kazi miaka mitano, akapitisha sheria nzuri, ikaishia kwenye droo ya ikulu moja. Kwa hiyo anayetaka kumpima mbunge wa kule kwa idadi ya sheria zilizoanza kutumika atamwonea.

Waanzilishi hao hawakubaki wote Arusha. Shellukindo aligombea Kilindi 2005, akaja Dodoma kama mbunge wa jimbo. Kamar aliingia bunge la Kenya, akawa waziri wa elimu ya juu, baadaye seneta. Kamba tumeshamwona akiwa kati ya watatu wa 2010. Tunazoea kudhani mtu hutoka bunge la nyumbani akapanda kwenda la kikanda kama anayestaafia huko. Kwa wanawake wengi njia ilikwenda kinyume: la kikanda lilikuwa ndiyo ngazi.

Uspika wa bunge hilo huzunguka kwa zamu ya nchi. Baada ya Kinana wa Tanzania alikuja Abdirahin Haithar Abdi wa Kenya. Zamu ya tatu ilikuwa ya Uganda, na Juni 2012 wabunge wakamchagua Margaret Nantongo Zziwa, mwanamke wa kwanza, na hadi hapo utasikia mitandaoni habari njema zimeishia. Kuna wanaosimulia ushindi wake na kukata hadithi. Wengine husimulia kuondolewa kwake tu, kana kwamba hakuwahi kuongoza kitu.

Kilichotokea ni hiki. Mkataba unaruhusu Spika kuondolewa kwa theluthi mbili ya kura za wabunge wa kuchaguliwa, kwa kushindwa kazi kutokana na maradhi au kwa mwenendo mbaya. Mwaka 2014 kundi la wabunge, wakiwamo wa kutoka nchi yake mwenyewe, lilileta hoja ya kumwondoa kwa tuhuma za matumizi mabaya ya madaraka. Vikao vikavunjika mara kwa mara. Wabunge wakagawanyika, na mgawanyiko huo haukufuata jinsia. Desemba 2014 akaondolewa, Mganda mwenzake Dan Kidega akachukua kiti. Zziwa akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo baadaye ikatamka kwamba namna alivyoondolewa ilikiuka Mkataba. Kiti hakikurudi.

Sikumbuki mjadala wowote kama ule juu ya spika mwanamume wa bunge lile, ingawa sitasema jinsia ndiyo ilikuwa sababu pekee. Siasa za vyama vya Uganda zilikuwamo, ubishi wa posho ulikuwamo, na haiba yake mwenyewe, wasema waliofanya kazi naye, haikuwa ya kubembeleza. Ila angalia tofauti: mwanamume akiwa mkali huitwa imara.

Bunge la Afrika lina mpangilio mwingine. Watano wa kila nchi hutoka ndani ya bunge la nchi hiyo, si nje yake kama ilivyo kwa Arusha, na itifaki yake inasema angalau mmoja kati yao lazima awe mwanamke. Hakuna "kadiri inavyowezekana" hapo. Mwaka mbunge anapokosa ubunge nyumbani, na kule safari yake imeisha.

Lilipozinduliwa Addis Ababa, Machi 2004, wajumbe walimchagua Gertrude Mongella kuwa Rais wake wa kwanza. Alikuwa mbunge wa Ukerewe, kisiwa alichozaliwa. Kabla ya hapo alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Beijing 1995, ndiyo maana watu wa rika fulani hadi leo humwita Mama Beijing. Kwa hiyo yule mtu wa kijiweni anayesema "spika wa Afrika nzima" amekosea cheo, kule anaitwa Rais, lakini hajakosea mtu. Na Mongella ana upekee ambao wengine kwenye orodha hii hawana. Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza baada ya maspika wanaume kadhaa. Zziwa vilevile. Mongella hakutanguliwa na yeyote. Kiti chenyewe kilianza naye, na miaka mitano ya kwanza ya bunge lile, kuanzia kuhamia Midrand hadi kupanga kamati, ilikwenda chini yake. Huwezi kusema alivunja desturi, kwa kuwa desturi ilikuwa bado haijawekwa.

Baada yake walifuata Idriss Ndele Moussa wa Chad, Bethel Amadi wa Nigeria, Roger Nkodo Dang wa Cameroon na Fortune Charumbira wa Zimbabwe. Arusha, baada ya Zziwa, wamekuja Kidega, Martin Ngoga wa Rwanda na Joseph Ntakirutimana wa Burundi. Wote wanaume. Bunge la Dodoma ndilo pekee kati ya haya matatu ambalo, baada ya mwanamke wa kwanza kushika usukani, lilimpata wa pili, Dk. Tulia, Februari 2022.